Mama wa Nani

Kabla sijafungua macho niliusikia mvumo wa mama. Ulipanda ngazi kutoka jikoni, midomo imefungwa, chini kwa chini, kama nyuki aliyeingia kwenye chupa na bado hajakasirika. Mengine yakafuata: birika kuchemka, treni ya asubuhi kupita nyuma ya bustani zetu za Acocks Green, hapa Birmingham, mvua kwenye bati la kibanda cha jirani. Mvumo ule umeniamsha tangu nikiwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na kwa miaka mingi nilidhani kila mama duniani huvuma asubuhi.

Ni sala. Hakuna aliyeniambia, niligundua mwenyewe. Mama yangu haombi kwa maneno. Anaosha vikombe na kuvuma, anakunja nguo na kuvuma, anasimama dirishani akitazama mapipa ya taka ya majirani na kuvuma. Wimbo hauna mwanzo. Wakati mwingine unakaribia utenzi wa kanisani, kisha unauacha njiani na kushuka mahali ambapo hakuna utenzi unaofika. Ukimsemesha katikati yake anakuonyesha kiganja, kama mtu aliye kwenye simu: ngoja. Nami nangoja. Hata nilipokuwa na miaka kumi na tano na siamini chochote, kiganja kile nilikiheshimu.

Ninaandika haya nikiwa na hasira. Marafiki zangu waandishi hushauri kwamba hasira iachwe ipoe kwanza, kama uji, ndipo mtu aandike. Yangu sitaki ipoe. Uji uliopoa unaota ngozi juu.

Kanisa letu lipo Alum Rock, katika ghala lililokuwa la kuuzia mazulia, nyuma ya maduka ya vitambaa. Tumelijaza watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wengi tuliojuana kambini, na Jumapili sote tunaomba kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake, mpaka madirisha yanatetemeka. Nimelipenda ghala lile. Nimelala chini ya viti vyake. Lakini mle ndani kinywa ndicho kitambulisho. Anayepaza sauti ana Roho. Anayenyamaza ana jambo. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba mama anavuma, kwa sababu kelele za wengine zilimfunika kama blanketi.

Kisha wakaleta utaratibu mpya: maikrofoni ipite mkono kwa mkono, kila mmoja aombe sentensi chache, wengine waitikie. Ilipomfikia mama, aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani, akafumba macho, akavuma. Vipaza sauti vikaubeba mvumo ule hadi kwenye paa. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Sikuwahi kuusikia ukiwa mkubwa hivyo, ukiwa nje ya jikoni. Watoto waliozaliwa hapa wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kwa Kiingereza kama bibi yule ameharibika. Mzee wa kanisa akaja akaichukua maikrofoni kwa upole, vile unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, kati ya habari za harusi na habari za choo kilichoziba, akatangaza: tumkumbuke mama yetu fulani, tumetambua kwamba anasumbuliwa na pepo bubu. Alimtaja mbele ya kanisa zima. Na kanisa zima likasema amina.

Sasa lazima nieleze kuhusu majina, maana bila hilo hutaelewa walichomfanyia.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini. Anaitwa mama wa fulani, na fulani ni mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo akifa, watu kwa huruma huhamia kwa anayemfuata, ili wasimtoneshe mama kidonda kila wanapomsalimu. Hapa Birmingham mama anaitwa kwa jina langu. Kanisani, sokoni, kwenye simu kutoka Uvira, jina langu ndilo lake. Lakini mimi si mtoto wake wa kwanza. Kabla yangu alikuwepo kaka, aliyekufa kwa homa kambini, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Hatuna picha yake. Hakuna aliyekuwa na kamera.

Mtu mmoja tu hakuhama. Ni rafiki wa mama aliyeishi naye hema moja, ninayemwita tantini, yaani shangazi, ingawa hatuna damu moja. Anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa hajawahi kupiga kengele yetu. Kila mara aliinama, akasukuma kile kifuniko cha tundu la barua mlangoni, na kumwita mama kwa jina la kaka yangu, kwa sauti ya sokoni: mama wa yule! Na mama, popote alipokuwa ndani ya nyumba, uso wake ulifanya kitu ambacho jina langu halijawahi kuufanyisha. Nilikuwa nikionea wivu tundu la barua.

Tantini ndiye aliyenisimulia, siku moja akinisuka, mambo ambayo mama hasemi. Kaka alipozidiwa, mhubiri mmoja aliingia hemani akamwambia mama atangaze uponyaji. Asinyamaze. Akinyamaza hata kidogo amempa Shetani nafasi. Mama akatangaza kuanzia asubuhi mpaka jua lilipozama, huku tantini akimshika mtoto miguu. Alitangaza mpaka sauti ikakatika, na mtoto akafa maneno yakiwa bado mdomoni mwa mama. Sauti ilirudi baada ya majuma. Maneno ya sala hayakurudi. Kilichorudi ni ule wimbo wa kumbembelezea mtoto, bila maneno yake.

"Ule mvumo ni wake," tantini aliniambia, akivuta nywele zangu mpaka machozi yakanitoka. "Ule ni usingizi wa kaka yako. Usimwulize kitu."

Kwa hiyo tantini alijua. Shikilia hilo, kama mimi nilivyolishikilia.

Walikuja jioni ya Jumapili ile ya tangazo, watu watatu: mzee wa kanisa, mkewe, na tantini, ambaye ni kiongozi wa waombezi. Dalili ya kwanza ilikuwa kengele. Tantini alipiga kengele.

Waliacha viatu mlangoni. Mkewe mzee akafunika televisheni kwa kitenge, akapanga viti vyetu vya kulia chakula kwa duara. Mama alileta soda, hakuna aliyezigusa kwa sababu walikuwa wamefunga. Tantini akatoa kwenye mkoba chupa ya mafuta ya zeituni.

"Yule muzee Muhindi wa Nakuru, wa pale duka ya Alum Rock, ameniuliza," alisema, akiiga sauti yake, "'Mama, haya mafuta ni ya kupikia ama ya kuombea? Ya kuombea iko chupa ndogo, bei nzuri!'"

Tulicheka wote. Mama alicheka mpaka akashika meza. Kicheko hicho ndicho ninachokumbuka kwa uchungu zaidi kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu kilikuwa cha kweli.

Mzee wa kanisa ni mtu mpole. Hasira yangu ingekuwa na kazi nyepesi kama angekuwa mkali. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini.

"Mama, hatukuje kukuhukumu," alisema. "Tumekuja kukufungula."

"Nani amenifunga?" mama akauliza.

"Bon. Njo ile tunatafuta kujua." Alichanganya Kifaransa, kama kawaida yake. "Pasta ameona katika maombi. Ni ile jina. Mutoto alishaenda kwa Mungu, mais jina yake inabakia huku chini. Kila siku munaiita, na kila siku inarudi, inakaa juu ya ulimi yako. Donc, kuanzia leo hakuna mutu ataita tena ile jina. Hata mumoja."

Alisema "hata mumoja" akimtazama tantini. Tantini alikuwa akilitazama zulia.

"Sasa," mzee akaendelea, "fungula kinywa. Hatutaki mahubiri. Sema tu: asante Yesu. Maneno mbili."

Mama alimtazama. Kisha akafunga midomo. Haukuwa ukaidi. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa avue nguo mbele ya wageni.

Wakasimama wakaanza. Mnaojua mnajua: sauti zinapanda, miguu inapiga sakafu, mate yanaruka. Mzee akampaka mama mafuta kwenye paji la uso, yakateremka kwenye nyusi, yakamwingia jichoni. Mkewe akaweka mkono kwenye koo la mama na kuliamuru lifunguke. Jirani akagonga ukuta. Mama alikaa wima, jicho moja limefumba, akiibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Nilisimama penye mlango wa jikoni nikiwa na sahani ya karanga mkononi, sijui kwa nini nilikuwa na karanga, na nilijiambia: tantini atasema inatosha. Tantini anajua. Subiri, tantini yuko hapa.

Tantini akainama kwenye sikio la mama, vile anavyoinama kwenye tundu la barua.

Akamwita kwa jina langu.

Sijawahi kulichukia jina langu kabla ya hapo. Nililisikia likitumika kama kitambaa cha jikoni, kumfuta kaka yangu mezani. Na nikaona uso wa mama. Hakulia. Alifumbua lile jicho lenye mafuta akamtazama tantini, akamtazama kama unavyomtazama mtu barabarani uliyedhani unamfahamu.

Sahani sikuitupa, ingawa katika kichwa changu nimeitupa mara nyingi tangu siku ile.

"Tokeni," nilisema.

Waliendelea. Nikasema tena, kwa sauti ambayo ingewafurahisha kanisani.

"Binti," mzee akasema kwa upole ule ule, "nyumba hii ni ya mama yako."

"Na koo ni lake pia!"

"Unaona?" akamgeukia mkewe. "Anatunga vitabu. Kiswahili yake ni tamu sana, ya shule kabisa. Mais roho?" Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kitabu haiwezi kumuombea mutu."

"Na pepo bubu ni nani? Ni nani ambaye anajua kila kitu na amenyamaza?" Nilikuwa nikimtazama tantini. "Sema, tantini. Waambie ule wimbo ni wa nini. Wewe ulimshika miguu!"

Tantini alifungua kinywa. Na mama akainua kiganja.

Alikiinua kwangu. Hakukiinua kwao, waliomshika koo. Kwangu: ngoja.

Nikangoja. Nilijiona mjinga, nimejaa moto, nimeshika karanga. Mama akajifuta jicho kwa upindo wa kitenge, akauliza kama watakunywa chai kabla ya kwenda, kisha akakumbuka wamefunga, akaomba radhi. Waliokuja kumfukuzia pepo, akawaomba radhi.

Pale mlangoni, akifunga viatu vyake, mzee alitoa msimamo wa kanisa. Jumapili ijayo mama asimame mbele, ashike maikrofoni, aombe kwa kinywa kama watu, na aseme kwamba lile jina ameliachilia. Asipofanya hivyo atawekwa pembeni. Kuwekwa pembeni maana yake ni kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, nje ya kundi la akina mama, bila Meza ya Bwana, na bila mtu kuruhusiwa kukaa kando yako na kukuzoea. Tantini alitoka wa mwisho. Hakuaga.

Asubuhi yake niliamka nikangoja. Birika lilichemka. Treni ilipita. Mvumo haukuja.

Haukuja Jumanne, wala Jumatano. Sijui namna ya kueleza nyumba ile bila sauti ile. Kuta zilikuwa kama zimesogea. Mama alifua, alipika sombe ya majani ya muhogo, alikunja nguo, alifanya yote na midomo yake iliyofungwa, lakini nyuma ya midomo hapakuwa na mtu. Walikuja kufungua koo, wakalifunga. Kazi ya utumishi, amina.

Jumatano nikapanda tramu kwenda Edgbaston, kwenye nyumba yenye mti mkubwa mbele, ambako kundi letu la waandishi hukutana kusomeana kazi. Nilikuwa nimejaa, nikawamwagia yote. Walinisikiliza vizuri. Walikasirika vizuri pia, na kwa muda nikajisikia niko kwa watu wangu. Kisha mshairi mmoja, mama mwenye shali ya kijani, akanishika mkono akasema mama yangu ni mtu wa kiroho kweli kweli, amevuka dini, kanisa lilikuwa jela yake, sasa yuko huru. Mwingine akasema ndiyo, hana haja ya jengo wala wachungaji, anaye Mungu wake ndani. Wakaanza kupanga. Kuna jioni yao ya kusoma mashairi, watu hukaa juu ya mito, mishumaa. Je, mama angekubali kuja avume? Bila maneno yoyote ya utangulizi. Dakika chache tu, wao wakiwa wamefumba macho.

Aibu yangu ni kwamba nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimebeba mwaliko kama zawadi.

Mama alikuwa akimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nao banataka nifanye mbele ya batu?" akauliza.

"Si hivyo, mama. Hawa hawakulazimishi. Hawa wanauheshimu."

"Kuko maikrofoni?"

Ilikuwepo.

"Aksanti," alisema, akaendelea na viazi. Akaongeza, "Na banamjua?"

"Nani?"

Akachukua kiazi kingine, nami nikaelewa: kaka yangu. Na hapo hasira yangu ikapoteza upande. Kwa maana wale wa ghala walitaka kumtoa mama kwa mtoto wake ili apate kanisa, na hawa wa mti mkubwa walitaka kumtoa kwa watu wake ili apate roho, na mimi, bintiye, nilikuwa nimesimama jikoni nikichagua ni nani wa kumpa. Niliwachukia wote, kila mmoja kwa kipimo chake. Bado wa ghala wana kipimo kikubwa. Wale wa Edgbaston hawakuweka mkono kooni mwake. Tuwe wakweli hata tukiwa na hasira.

Jumapili ikafika. Kwa kawaida basi dogo la kanisa husimama mbele ya nyumba yetu na tantini huja mlangoni kutuita. Niliketi kwenye ngazi, nikilitazama tundu la barua. Basi dogo lilipita. Nililiona kupitia kioo cha mlango, rangi yake nyeupe, na sikuona likipunguza mwendo. Nikafurahi. Nikafikiri: imekwisha, sasa tutakaa nyumbani, nitapika mimi, na mvumo utarudi taratibu.

Mama akashuka ngazi amevaa kitenge chake cha Jumapili, na koti, na viatu vya kanisani.

"Unaenda wapi?"

"Kanisa."

"Basi limepita."

"Kuko basi za serikali."

"Mama, utaomba kwenye maikrofoni? Utawapa?"

"Kinywa yangu sitabapa." Alisema hivyo kama anavyosema hatuna chumvi. "Nitakaa kule nyuma."

"Karibu na choo! Pamoja na watu waliotengwa! Ili iweje?" Nilikuwa nimesimama, nimeziba njia. Nilipiga kelele, naam, nilimpigia mama yangu kelele Jumapili asubuhi. Nilimwambia wale si watu. Nilimwambia Mungu wake hayuko kwenye ghala la mazulia, yuko jikoni, nimemsikia huko maisha yangu yote. Nilimwambia yule mwanamke aliyemwita rafiki alimuuza kwa chupa ya mafuta ya kupikia.

Mama alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Mutoto wangu hana picha," alisema. "Sura yake iko kwa batu wawili. Kwangu na kwake. Mimi nilianza kusahau masikio yake, njo yeye alinikumbusha, yalikuwa namna gani." Akakifunga kifungo cha mwisho. "Nikikaa mbali naye, nitabakia peke yangu nayo."

"Wamemkataza kulitaja jina. Na yeye amekubali. Umemsikia mwenyewe!"

"Atasahau," mama alisema. "Banamukataza leo. Lakini iko na umri, iko na mambo mengi kichwani. Siku moja nitapita, ama nitaangusha kitu, na atasahau kama bamemukataza, ataniita."

Basi hilo ndilo. Angekaa kando ya mlango wa choo, juma baada ya juma, akisikiliza watu wakiomba pepo amtoke, akingoja ulimi wa mtu mmoja uteleze.

Nilifanya kitu cha mwisho nilichokuwa nacho. Nililitaja. Nilimwita mama kwa jina la kaka yangu, mama wa yule, kwa sauti kamili, pale pale chini ya ngazi. Sijawahi kulitamka kabla. Lilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia.

Uso wake ulinijia kwa wema. Wema tu.

"Weye haukumuona," alisema.

Akanigusa shavu, akanisogeza kwa bega, akatoka mvuani. Akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.